Mkono wa Kushoto wa Mugisha

Mwanangu Mugisha,

Juzi nilipita kwenye uwanja wa chuo chenu. Sikukusudia. Barabara ya Nyakato ilikuwa inatengenezwa, gari likazunguka nyuma, nikawaona vijana wenye fulana kama yako. Nikashuka. Tangu hapo nina maneno kifuani, na wewe ndiye niliyezoea kukuambia.

Unaukumbuka mwaka wako wa kwanza? Urefu ule wote, na mpira wa kikapu ukikuponyoka kama sato aliye hai. Wenzako walikuita Mlingoti, maana ulisimama tu. Msimu mzima ulikaa benchi. Jioni moja ulirudi hapa Pasiansi, ukala, kisha ukasema, "Mama, kocha anasema nina upande mmoja tu. Wakiniziba kulia, nimekwisha."

Kesho yake ukaupeleka mkono wa kushoto shule. Ulipiga nao mswaki, ukafungua nao milango, ukaandika nao majina yetu kwa herufi za mtoto wa chekechea. Koku, mdogo wako, alicheka mpaka akakaa chini. Lakini siku ulipomega ndizi mezani kwa mkono huo, baba yako aliacha kula.

"We! Nani kakufundisha kula kwa kushoto?"

"Samahani, baba. Huu mkono mvivu, nautafutia kazi."

"Kautafutie huko huko uwanjani!"

Ukautafutia kweli. Asubuhi kabla ya vipindi, jua likiwa bado halijapanda juu ya mawe, ulikuwa unadunda mpira peke yako. Mwaka wa pili ukaanza kuingizwa mechi zikikaribia kwisha. Mwaka wa tatu wakakupa unahodha. Fainali ile na chuo kutoka Dar sitaisahau: wawili walikubana upande wa kulia, ukageukia kushoto kama mtu aliyezaliwa hivyo, ukafunga. Baba yako, mtu mzima, alipanda juu ya kiti. "Mwanangu huyo! Mwanangu huyo!" Wenzako walipokuwa wakishangilia, mimi nilikuona umewafuata wale wa benchi, wale wasiogusa mpira siku hiyo, ukawavuta mmoja mmoja waje kulishika kombe.

Ukadondoka mazoezini, mitihani ya mwisho ikikaribia. Hakuna aliyekugusa. Waliniambia mpira uliendelea kudunda peke yake mpaka ukatulia. Nilipofika hospitali walikuwa wameshakufunika. Daktari alinikalisha akasema, "Mama, moyo wake ulikuwa umetanuka kupita kawaida. Kwa vijana wenye nguvu ugonjwa huu hujificha."

Tulikuzika nyumbani Muleba, kwenye migomba ya babu yako. Timu nzima ilikuja, wakabeba jeneza wakiwa na jezi. Kila aliyesimama kuzungumza alisema ulikuwa na moyo mkubwa. Walisema kwa upendo. Mimi nilitamani wanyamaze.

Basi juzi kocha akaniona pale nje ya uwanja, akaja mbio. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Hawa hawakumkuta," akasema. "Lakini hebu tazama."

Vijana walikuwa wamefungwa mkono wa kulia nyuma ya mgongo kwa kitambaa, wanadunda kwa kushoto tu, wanapishana, wanagongana, wanacheka.

"Zoezi hili wanaliita mugisha," kocha akasema. "Utasikia, leo tunapiga mugisha. Wengine hawajui hata kama ni jina la mtu."

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Sasa kuna hili ambalo bado sijakuambia. Koku ameingia chuo hicho hicho, na anataka kucheza. Daktari alikuwa ameshatuonya kwamba ndugu zako nao wapimwe, tukampeleka. Nilikaa nimeangalia kioo cha mashine nisichojua kukisoma. Daktari akasema moyo wake ni mzima kabisa. Koku akanikumbatia pale pale. "Umesikia, mama? Basi niruhusu." Baba yako akasema, "Muache mtoto acheze." Nikamruhusu. Ningemwambia nini? Kwamba mashine imesema, lakini mimi siamini? Nami shuleni huwafundisha watoto wa watu kuwa wasiogope.

Leo ndiyo siku yake ya kwanza ya mazoezi. Nimeosha sufuria zilizokuwa safi. Nimefagia uani mara mbili. Simu iko mezani karibu na karatasi hii, na ninaomba isiite.

Imeita. Nimepokea. Ni Koku, yuko Kirumba anarudi, anauliza anunue nyanya au zipo. Zipo, Mugisha, zimejaa kapu zima. Nimemwambia anunue, tena achague taratibu asikate simu, nimsikie anavyohema.

Pumzika, mwanangu, huko kwenye migomba.

Ni mimi,
Mama yako na wa Koku