Mashine Ilipuliza Ukuta Wiki Mbili

Jumatano, katikati ya Julai, Kabiria. Baridi ya kukata masikio. Jua hatujaliona tangu Jumapili.

Ni saa nane mchana na sijalala.

Nairudia kwa sababu hata mimi naiona kama uongo. Saa nane mchana, nimejipakulia githeri nikamaliza sahani, niko kwenye kiti changu kilekile, na macho yako wazi. Miezi miwili iliyopita saa hii ungenikuta kidevu kifuani, simu imeanguka, chai imepoa.

Mimi ni mchoma nyama. Nimesimama Kenyatta Market miaka thelathini na moja na hakuna ubavu ambao siujui kwa kidole. Shule niliacha darasa la nne, lakini watu wa digrii wamepanga laini wakingoja nikate. Sisemi kwa majivuno. Ni vile ilikuwa.

Kwetu pia mimi ndiye mkataji wa ngurario, ile sherehe ya kukamilisha ndoa kimila. Mzee mmoja anashika kisu mbele ya koo zote mbili, na kila kipande cha mbuzi kina mwenyewe. Masikio ni ya wasichana, kichwa ni cha wazee, bega ni la bibi harusi. Ukimpa mtu kipande cha mwenzake umetukana ukoo. Nimekata ngurario nyingi na sijawahi kukosea kipande.

Nililala, lakini.

Ilikuwa Desemba, kwa binti ya ndugu yangu mdogo, Gathogo. Nilikuwa nimesimama, kisu mkononi, mguu wa mbuzi mbele yangu, nikalala nikiwa wima kama punda. Nilizinduka mzee wa upande ule mwingine akinitoa kisu kwenye vidole, polepole, vile unamnyang'anya mtoto wembe. Akasema, "Mzee amechoka." Watu wakacheka kwa adabu. Hicho cha adabu ndicho kinauma.

Mke wangu, Mama Njoki, akafunga kisu changu kwa gunia la unga na kukifungia kwenye sanduku lake. Gathogo naye akatangaza kwamba ngurario ya Wambui, kitinda mimba wangu, atakata yeye. Gathogo, ambaye hajui bega na paja hata umpe tochi.

Hiyo ngurario ni Jumamosi hii.

Basi Mama Njoki akanipeleka kliniki moja huko mjini. Wakanilaza usiku mmoja nikiwa na nyaya kama redio kwa fundi. Asubuhi daktari, kijana mpole, akaniambia koo langu linajifunga nikilala. Pumzi inasimama, mwili unashtuka, pumzi inarudi, inasimama tena, hivyo hivyo mpaka kunakucha. Ndiyo maana mchana mimi ni maiti. Nikamwambia mimi hulala kama jiwe tangu ujana.

"Hiyo ndiyo shida yenyewe, mzee wangu," akasema.

Nikarudi na mashine. Ni ndogo, ina bomba refu na maski ya kufunika pua na mdomo. Inakusukumia hewa ili koo lisijifunge. Mama Njoki akatoa sharti lake: siku nesi atasema nimelala sawasawa, kisu kitatoka sandukuni. Kisha akasafiri Nakuru wiki mbili kumsaidia Njoki, kifungua mimba wetu, ambaye alikuwa amejifungua.

Sasa niungame.

Nilidhani mashine inahesabu masaa tu, kama mita ya stima. Usiku wa kwanza niliivaa robo saa nikaona nakufa. Ni kama kutoa kichwa dirishani gari likiteremka Mai Mahiu. Nikaivua, lakini sikuizima. Nikaiweka kwenye stuli, maski ikiangalia ukuta, ikapuliza ukuta mpaka asubuhi. Nilifanya hivyo wiki zote mbili na nikajiona mjanja kuliko daktari.

Mama Njoki aliporudi tukaenda kliniki pamoja. Nesi akatoa kadi kwenye mashine, akaichomeka kwa kompyuta, akaangalia, kisha akaniangalia mimi kama mjukuu anayemwangalia babu yake.

"Guka, hii kitu imefanya kazi kila siku. Lakini hakuna mtu alikuwa anapumua."

Nikavua kofia.

"Ulikuwa unalalisha nani?"

"Ukuta," nikasema. Nikishashikwa huwa sidanganyi.

Nesi alicheka mpaka akashika meza. Mama Njoki hakucheka. Alimwambia nesi, hakuniambia mimi, kwamba huko Nakuru hakupata usingizi, kwa sababu hakuwa karibu kunipiga kiwiko.

Hicho kiwiko nimekilalamikia miaka. Nimewaambia watu sokoni kwamba mke wangu hupigana vita usingizini, na nikawaonyesha mbavu. Kumbe hakuwa usingizini. Pumzi yangu ikisimama, anahesabu mpaka kumi, halafu kiwiko. Halafu anangoja nyingine. Ameifanya hiyo kazi tangu Wambui akiwa shule ya msingi. Mchana anauza mboga, jioni anapika, na hajaniambia.

"Ningekuambia nini," akasema, "na wewe unalala kama jiwe?"

Jiwe lenyewe. Mimi huyu.

Nesi akanieleza kwamba hata nikiivaa, hewa itavuja kwa sababu ya ndevu. Hizo ndevu nilikuwa nimezifuga tangu nimzike baba yangu. Zilikuwa nyeupe, na soko zima lilinijua kwazo. Jioni hiyo niliomba maji moto na wembe. Wambui alinikuta kwa kioo akapiga picha bila kuuliza. Kidevu changu ni kidogo kuliko vile nilikumbuka.

Haikuwa rahisi. Niliamka tumbo limejaa hewa kama mpira, mdomo umekauka kama gunzi. Siku nne niliikuta maski sakafuni na sijui nani aliivua. Lakini mimi nimechoma nyama miaka thelathini na moja moshi ukiwa machoni. Bomba la plastiki haliwezi kunishinda.

Halafu ikaja asubuhi moja.

Niliamka mwanga ukiwa kwenye pazia. Kuna kitu kilikuwa kimepotea, nikakitafuta, kumbe ni kichwa kuuma. Nilikuwa nimeota. Ndoto ndefu, mama yangu akipalilia viazi na kunikemea. Nilidhani ndoto huisha na uzee, kama meno.

Nikageuka. Mama Njoki alikuwa amelala.

Sijui nitaiandikaje hii. Miaka yote nikiamka, yeye ameshaamka, na mimi nikisema ni bidii yake. Sikuwa nimeuona uso wake ukilala tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mkono umelegea, mdomo wazi kidogo. Nililala pale na bomba langu usoni kama ndovu, nikiogopa kusogea. Niliwahi kuona Mlima Kenya bila wingu hata moja, alfajiri, nikiwa Nanyuki. Haukunishika hivyo.

Tangu siku hiyo naona vitu. Jumatatu nilitembea kwa miguu mpaka Lavington, sikukaa chini hata mara moja. Kuna mti kwenye kona umefunika barabara yote kwa matawi, na mimi napita hapo kila wiki. Nikamuuliza askari wa geti umepandwa lini. Akasema, "Huu umekushinda umri, mzee." Na Wambui jioni aliniongelesha nikasikia mpaka mwisho. Nimejua mchumba wake ni fundi wa lifti. Miaka miwili nimekuwa nikimwita fundi wa stima na kijana anaitika kwa heshima.

Ni nini kingine kimepita mbele yangu?

Leo asubuhi tulirudi kliniki. Nesi aliangalia kompyuta muda mrefu mpaka jasho likanitoka kwa baridi hii.

"Guka," akasema, "sasa kuna mtu."

Tulipofika nyumbani Mama Njoki alifungua sanduku, akaweka kisu mezani na gunia lake. Akampigia Gathogo simu. Nilisikia Gathogo akiuliza, "Na akilala tena?" Mama Njoki akamjibu, "Wewe ulale kwako."

Kisha akakaa kwenye kochi, akasema ni kidogo tu. Hiyo ilikuwa kabla ya saa sita. Bado amelala.

Kisu kinataka kunolewa, lakini jiwe lina kelele, kwa hivyo kitangoja. Nimekuwa nikimpitia yule mbuzi wa Jumamosi kichwani, kipande kwa kipande, na mwenyewe wa kila kipande. Mila yetu haina kipande cha mtu aliyekesha akihesabu. Nitakitoa wapi? Gathogo atauliza mbele ya watu hiyo ni desturi ya wapi, na itabidi nimjibu nikiwa macho.

Sasa nimesogeza kiti karibu na kochi. Pumzi yake ikitoka nahesabu mpaka irudi. Sijavuka mbili.