Baraka na Ukuta Wake

Alhamisi, 17 Septemba 2009

Kazini mpaka saa saba, mabasi mawili, uwanjani saa tisa kasoro. Thamosi chini ya kiti, kamera begani. Tumefungwa tena.

Baraka ameangushwa mara sita. Mara sita! Mtoto wa dada yangu ana mkono ambao mji wetu huu wa Scarborough haujauona, lakini mkono utafanya nini mwenyewe akiwa chali? Kazi yake ni moja. Anapokea mpira nyuma, anatazama mbele, anarusha. Ndiye kwotabeki. Mbele yake wanasimama vijana watano wa kuzuia watu wasimfikie. Mimi nawaita ukuta. Leo ulikuwa chekecheke. Mbaya kuliko wote ni yule mnene wa kushoto, Tresor, mtoto wa Wakongo tunaosali nao. Nimemwambia jirani yangu wa kiti, tena kwa sauti, kwamba gunia la mchele lingezuia vizuri zaidi. Amecheka. Nimefurahi alivyocheka.

Huu mpira wa yai, wa kurusha kwa mkono, nimejifunza ukubwani, lakini mpira ni mpira. Nimecheza winga Morogoro miaka minane. Mchezaji nikimwona namjua.

Jumapili, 20 Septemba

Baada ya ibada ya Kiswahili, kwa Dada Neema. Wali, maharage, spinachi iliyojifanya mchicha. Halafu likaja jambo lenyewe. Kocha wa shule moja ya kulipia, magharibi ya jiji, amempigia simu. Anamtaka Baraka ahamie kwake Januari, acheze msimu ujao, ambao ndio wa mwisho kabla hajamaliza shule. Ada wataibeba wao. Ukuta wa kule ni wa vijana wakubwa kama milango, na makocha wa vyuo vikuu hufika kuangalia. Jibu linatakiwa mwisho Ijumaa tarehe ishirini na tatu Oktoba.

Dada ni nesi, zamu zake ni za mchana, hajaona mechi hata moja. Ameweka kijiko chini. "Wewe ndiye mjomba wake, na wewe ndiye unayeona. Ukisema ahame, atahama." Baba mtu alirudi Tanzania zamani na hana neno. Kwa hiyo ni mimi.

Hatari ipo. Kule kuna kwotabeki wawili tayari. Akienda akaonekana si lolote, atakaa benchi msimu mzima na hakuna chuo kitakachomjua. Akibaki hapa, nani atamwona akiwa chini kila dakika?

Nimesema ahame. Wenzake wanamzika akiwa hai. Baraka alikuwa anatazama sahani. Nikamuuliza mwenyewe anaonaje. Kajibu kwa Kiingereza kwamba vyovyote, sawa tu. Watoto hawa unawauliza jambo la maisha kwa Kiswahili, wanakurudishia neno moja la Kiingereza kama chenji.

Alhamisi, 24 Septemba

Mvua. Tumefungwa. Kaangushwa mara tano. Kocha kawafokea, Tresor kanyoosha mkono: kosa langu. Angalau anajijua.

Alhamisi, 1 Oktoba

Tumeshinda! Baraka karusha pasi tatu, zote tatu zimezaa pointi. Ya mwisho nilipiga ukelele mpaka kamera ikatikisika.

Sasa nashindwa kuelewa. Kama ukuta ni mbovu, huu wa leo umetoka wapi? Lakini wale wapinzani nao walikuja vijana kumi na tano tu, wengine wamevaa raba za mazoezi. Ushindi juu ya watu wa namna ile unapima nini? Ila ile pasi ya mwisho, jamani.

Wakati wa kutoka nikamwambia baba mmoja kwamba leo hata gunia limesimama wima. Nikageuka. Baba yake Tresor yuko nyuma yangu na mwavuli. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka, kisha nikakasirika kwa kuona aibu.

Jumapili, 4 Oktoba

Baba yake Tresor, Papa Tresor kwa wenyewe, kanifuata kwenye chai baada ya ibada. Nilijua ni ugomvi. Kumbe kaniomba, kwa heshima kabisa, aone kanda zangu. Kaja kwangu, kakaa mbele ya TV na koti lake, kakataa soda. Tumeangalia mechi mbili nzima. Mwisho akanyanyuka.

"Mjomba Baraka, weye unafwataka balo tu. Mutoto yangu iko wapi humu?"

Alipoondoka nimerudisha kanda mwanzo. Ni kweli, nafuata mpira tu. Mpira ukifika kwa Baraka, kioo kizima ni Baraka. Akirusha, kamera inaruka na mpira hewani. Ukuta hauonekani, labda kiwiko cha mtu hapa, kisogo pale. Nimekuwa nikihukumu vijana watano ambao sijawapiga picha. Na si kamera tu. Macho yangu ndivyo yalivyo. Tangu nikiwa mtoto tunaambiwa jicho lisitoke kwenye mpira, na aliyeliondoa alipigwa kelele na timu nzima. Hapa Tresor hagusi mpira mechi nzima. Kwa macho yangu hakuwahi kuwepo, ila siku Baraka akianguka ndipo naye anazaliwa, wa kulaumiwa.

Nyani haoni kundule. Nimeiandika mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimefunga kamera kwenye stendi juu kabisa ya jukwaa, uwanja wote uingie. Mikono mfukoni nisiiguse. Mateso matupu. Mkono wa kulia ulitoka wenyewe mara mbili.

Tumefungwa. Kaangushwa mara sita.

Jumatatu, 12 Oktoba

Sikukuu ya kushukuru mavuno. Kazi hakuna, mji mzima unakula bata mzinga. Mimi nimekula mkate mbele ya TV tangu saa mbili asubuhi.

Katika zile mara sita, mara mbili ukuta ulipasuka kweli. Zile nne nimezirudia mpaka kidole kinauma. Tresor kamshika mtu wake, kamganda. Wenzake vilevile. Mbele ya Baraka kuna nafasi ya kuegesha gari. Na Baraka anakimbia. Anarudi nyuma, anazunguka pembeni, anatoka mwenyewe ndani ya ulinzi na kwenda kujitia mikononi mwa mtu aliyekuwa ameshazuiwa. Mbali kule kijana wetu mmoja yuko peke yake kabisa, anapunga mkono kama anayesimamisha basi. Baraka hamwoni.

Basi mtoto hana kitu. Nimeandika hivyo, halafu nikafika robo ya mwisho ya mchezo. Pasi ndefu, juu ya vichwa vitatu, imemfikia mtu kifuani. Akaiangusha! Yule aliyeiangusha naye nimwite nani?

Ni mzuri na wenzake wabovu? Ni mbovu na wenzake wazuri? Nilichora mstari katikati ya ukurasa, wake huku, wao kule. Kila kitu kilifaa pande zote mbili. Nikauchana. Na mimi nimeshasema ahame, tena kwa kifua. Nauchukia mdomo wangu.

Jumanne, 13 Oktoba

Kazini nimepakia mikate ya kwenda Oshawa kwenye lori la Markham. Akili haipo.

Alhamisi, 15 Oktoba

Tumefungwa kwa pointi moja. Baada ya mechi nimempeleka Baraka duka la donati la pale plaza, nikamwonyesha kanda ya wiki iliyopita kwenye kioo kidogo cha kamera. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikutamka neno, jambo ambalo si desturi yangu. Ilipofika ya nne akafunika kioo kwa kiganja.

"Mjomba, najua. It's not them. Ni mimi. Naogopa."

Mwishoni mwa msimu wa mwaka jana alipigwa dafrau ya mbavuni, pumzi ikakatika. Siku ile naikumbuka. Nilimwambia jikaze, mwanamume wewe, nikaona nimemaliza. Tangu hapo anasikia hatua za mtu hata kama hakuna mtu. Miguu inaondoka kabla yake. Na wenzake wanajua! Kocha akifoka, Tresor na wale wanne wananyoosha mikono, kosa letu. Mwaka jana hawakuwa hivyo. Wameanza msimu huu. Aliwaambia waache, wakakataa, na hawamwambii sababu.

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumzaba kofi. Nimemnunulia donati ya pili.

Jumapili, 18 Oktoba

Nimemweleza Dada yote. Kaanza na mimi. "Mwezi mzima unaniimbia wenzake, wenzake. Leo ni mwanangu?" Haki yake. Damu nzito kuliko maji, na yangu ilinifumba macho. Sasa anataka jibu jipya na mimi sina.

Akihama, huenda nyuma ya ukuta ule imara woga ukaisha. Au utajulikana wiki ya kwanza, maana kule hakuna wa kunyoosha mkono kwa ajili yake. Akibaki, atajifunza kusimama nyuma ya watu wanaomjua. Au atazoea kubebwa mpaka mbeleko ikatike. Nikimaliza sababu moja, pacha wake anabisha hodi. Mwisho nikasema mcheza kwao hutunzwa. Dada kaniambia methali hiyo nimeitoa kwa sababu nimeishiwa.

Kweli nimeishiwa. Dada kaomba ruhusa kazini. Alhamisi anakuja kuona mwenyewe.

Alhamisi, 22 Oktoba

Mechi ya mwisho ya msimu. Dada kaja na blanketi na maombi. Robo tatu, Baraka yule yule. Kakimbia, kaanguka, Tresor mkono juu. Dada akaniuliza kwa nini yule mtoto mnene anaomba msamaha kila saa. Nilijifanya sijasikia.

Robo ya nne alisimama. Nilikuwa natazama miguu yake, mpira nimeuacha uende zake. Mguu wa kushoto uliinuka, ukasita, ukarudi chini. Ukuta ulipasuka mahali pamoja, likapita jitu, likambeba mzima mzima. Dada kajifunika blanketi uso wote. Mpira ulikwenda wapi sijui. Nimeambiwa alikuwa amesharusha, ukamfikia mtu, ukamponyoka. Baraka alilala pale. Tresor alimfikia wa kwanza, kwa kuchechemea, akamwinua kwa jezi. Akasimama. Alikuwa anacheka.

Tumefungwa. Dada kaniuliza kama alicheza vizuri. Nimemsaidia kukunja blanketi.

Ijumaa, 23 Oktoba

Kesho haipo, ni leo. Dada kapiga simu kabla hajaingia zamu. "Sema." Nikasema asihame. Alisimama mara moja tu, lakini alisimama hapa, nyuma ya watu wake. Ndiyo sababu niliyotoa. Saa nne kampigia kocha wa magharibi, kamshukuru, kakataa. Yule bwana hakubembeleza. Tayari ana kijana mwingine.

Baraka kasema sawa. Sijui sawa hiyo ni ya aina gani. Dada anasema moyo wake umetulia. Wangu bado.

Jumamosi, 24 Oktoba

Mchana nimekwenda kwa akina Tresor kuomba radhi. Mkono mtupu haulambwi, nimebeba maandazi. Ghorofa ya kumi na moja. Baba mtu yuko kazini. Kafungua Tresor, kifundo cha mguu kimefungwa bandeji. Nikaona heri nianze na mwenyewe. Nimemwomba msamaha mtoto wa miaka kumi na saba nikiwa nimesimama, nikataja na lile gunia kwa jina lake. Kasema alishalisikia, siku ile ile. "Hakuna shida, tonton." Yaani mjomba.

Halafu akaniuliza Baraka anaanza lini kule magharibi. Nilishangaa. Kumbe wanajua wote watano, tangu Septemba, habari kama hiyo haifichiki shuleni. Nikamwambia haendi, jana tumekataa. Nilidhani atafurahi.

Aliketi, mguu wenye bandeji mbele. Kisha akanieleza taratibu, Kiingereza kidogo, Kiswahili cha kwao kidogo. Walikuwa wamekubaliana kubeba makosa yake yote mpaka msimu uishe, ili watu wa kule wasijue anaogopa. Achukuliwe. Walisema angalau mmoja wao atoke hapa, afike mbele.

Mama yake katoka jikoni na chai, akauliza sukari vijiko vingapi. Nikasema viwili. Tresor alikula andazi moja, akachukua la pili, akalishika tu mkononi.