Sura ya Mke wa Pili wa Duki

Baba Ndinda,

Nimekaa kwenye kigoda chako hapa bandani Majengo, na tupa yako ya kukwangulia mbao iko mapajani. Usishtuke, bado sijaitumia. Yule mzee Mjerumani anakuja Jumamosi kuchukua ubao wake, leo ni Alhamisi, na mimi sijaamua kama nimkwangue yule mwanamke uso wote au nimwache. Nakuandikia kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyemleta. Usije ukasema sikukuambia.

Ni miezi mitatu tangu tukuzike. Ndinda amerudi shule. Maji ya mtaani kwetu Lucky Summer bado yanakuja Jumanne, yakijisikia. Kiti chako pale nyumbani hakikaliwi, na si kwa heshima: mguu mmoja umelegea, na wewe ulisema utautengeneza tangu Pasaka. Fundi mzima wa mbao! Nilikuwa nakucheka sana kwa hilo. Sasa namcheka nani?

Unaikumbuka siku ubao ulipoingia? Muhugu mzito, mrefu kama mlango, mliubeba wanaume wanne. Mzee akatoa picha zake na karatasi tatu zilizopigwa taipu, ambazo padri mmoja alimtafsiria kwa Kiswahili. Alitaka achongewe ukoo mzima wa Duki Eberwini, mtu wa zamani sana huko kwao, ambaye yeye anaamini ndiye chimbuko la familia yake. Nilikuuliza duki ni nani, ukasema ni bwana mkubwa, juu yake yuko mfalme peke yake. Juu ya ubao wakae mababu, katikati duki na farasi wake, na chini wake zake watatu kwenye mstari mmoja.

Tulifanya kama siku zote, wewe unachonga na mimi napiga msasa. Ukimaliza sura unanisukumia, nakaa nayo siku kadhaa, msasa mkali, halafu laini, halafu rangi ya viatu na kitambaa. Huku nikisugua ulinisomea zile karatasi mpaka ukazijua kwa moyo. Babu yake duki alipewa ardhi kwa sababu alimpa mfalme farasi wake vitani. Baba yake alikuwa kilema wa mguu na mkali kama pilipili. Mama yake alitoka kwa watu wa mtoni, waliokuwa maadui. Siku moja nikakuuliza baba wa babu yako wewe aliitwaje, ukakuna kichwa ukasema utamuuliza mama. Ukoo wa Mjerumani unao kichwani, wako mpaka uulize!

Halafu wakaja wale wake. Wa kwanza, Hadela, aliolewa akiwa mtoto na akafa akijifungua. Huyo ulimpa sura ya mtakatifu wa kalenda, hana ubaya na hana utamu. Wa pili ni Irmina. Duki alikaa naye miaka saba, halafu mapadri wakafuatilia ukoo, wakakuta yeye na Irmina wana babu mmoja mahali huko nyuma, wakasema ndoa hiyo si ndoa. Irmina akarudishwa kwao. Nilicheka, nikasema hao wazungu wangekuwa Wakamba wangeulizana ukoo kabla ya kuleta mbuzi wa mahari. Wewe hukucheka. Ulikunja karatasi ukaniambia, "Endelea na kazi, Mama Ndinda."

Hapo ndipo ilinipasa kushtuka. Lakini nani anamshtukia mwanamke wa mbao?

Ulimchonga Irmina wiki tatu. Hujawahi kukaa na sura moja wiki tatu. Watu walikuwa wanakutania, "Mzee, huyo dame amekuteka," nawe unatabasamu tu. Uliponipa, nilisugua uso ule karibu siku kumi. Mfupa wa shavu ulio juu kidogo upande wa kushoto. Kishimo cha kidevuni, ambacho ilibidi nikunje msasa uwe mdogo kama ukucha ndipo uingie. Nilikusifu. Mungu wangu, nilikusifu! Nilisema, "Huyu amekaa kama mtu anayetaka kusema kitu." Halafu kifua chako kikakaza, tukakupeleka hospitali, na hukurudi bandani.

Siku ya mazishi, kule nyumbani kijijini, mwanamke mmoja mrefu alikuja kunipa pole. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, kama wanavyofanya mama zetu, nami nikamshika uso, nikilia. Baba Ndinda, vidole vyangu vilimjua kabla ya macho. Shavu la kushoto, juu kidogo. Kidole gumba kikaangukia kwenye kidevu, ndani ya kile kishimo, na kikakaa. Machozi yalikauka hapo hapo. Nikamuuliza jina, akasema, "Naitwa Syombua."

Jina nalijua. Uliniambia mara moja, mwaka tuliooana: msichana uliyetaka kumwoa, wazee wakakaa chini wakakuta ninyi ni ukoo mmoja, mambo yakaisha. "Mambo ya utoto hayo," ulisema. Mambo ya utoto, lakini baada ya miaka kumi na sita mkono wako bado unajua kidevu chake kinavyoingia ndani.

Aliosha masufuria yangu siku nzima, mchana kutwa, hakupumzika, na hilo lilinichoma zaidi, kwa sababu sikupata hata kosa la kumshikia. Jioni akija kuaga akaniuliza polepole, "Alikuwa bado anaimba akichonga?"

Nilisema ndiyo, kila siku.

Wewe! Miaka kumi na sita nimekaa hatua mbili kutoka kwako na sijakusikia hata ukipiga mluzi. Nilifikiri wewe si mtu wa nyimbo. Kumbe nyimbo zilibaki huko. Sikulia tena mpaka niliporudi Nairobi, na niliporudi sikulia kwa uchungu wa kufiwa, nililia kwa wivu, nakuambia ukweli. Kumwonea wivu mke mwenza ambaye hakuwahi kuolewa, na aliyenipora kitu ambacho sikujua hata kilikuwepo. Nani nitamwambia hayo anielewe?

Nilipofika bandani nilitoa gunia kwenye ubao nikajitafuta. Nilianza na mababu, nikaenda kwa bibi zao, nikamwangalia na mtumishi anayeshika hatamu. Hata farasi nilimwangalia vizuri. Simo.

Amebaki Oda, mke wa tatu, mwisho wa mstari, ubavuni kwa Irmina. Alizaa watoto watano, ndio wanaoendeleza ule ukoo, akamzika duki, akaishi miaka mingi baada yake. Mwili wake uliumaliza, na mikono, na pindo la gauni. Uso uliuacha mtupu kama yai. Labda ulikuwa umeniwekea mimi. Labda ulikuwa umechoka tu. Nimeushika uso huo mara nyingi, hauna alama hata moja ya penseli ya kuniambia.

Nzioka, ambaye amechukua benchi lako, alinihurumia. "Mathe, leta ile picha yako ya kitambulisho," alisema, "nitakutoa fiti kabisa, Mjerumani hatajua." Nilikataa. Ningekaa mbele yake aniangalie, na macho yangekuwa ya Nzioka. Sikuolewa na Nzioka.

Basi leo asubuhi nikaja na tupa. Nilimwekea Irmina kwenye shavu lile lile. Nzioka akaacha kazi, na banda zima likaacha kazi. Nikashindwa, na usidhani ni huruma. Niliposhika shavu nikaukuta ule ulaini, nikakumbuka ni wangu. Wewe ulimchonga, lakini ulipomwacha alikuwa anakwaruza. Kama anang'aa hivi ni mkono wangu uliomng'arisha, siku kumi, mpaka kucha zikaisha. Nikimfuta yeye najifuta na mimi. Tena ni kazi yako nzuri kuliko zote, na hilo nalisema meno yakiwa yamekazwa.

Atabaki. Nimeamua sasa hivi, nikiandika.

Lakini Oda hatakwenda Ujerumani bila uso. Baba yangu alikuwa mchongaji kabla yako, unajua, na nikiwa msichana nilikuwa namwibia patasi. Nimemwambia Nzioka anipishe. Amesema, "Wanawake hawachongi hapa," halafu akaniona nilivyomwangalia, akanipa na jiwe la kunolea. Pua imetoka kubwa, ni yangu kweli. Mdomo nitaumaliza kesho. Macho nimeyamaliza mchana huu. Hadela anaangalia chini, Irmina anaangalia mbele, na wote waliotazama wanasema Oda angetazama juu kwa mume wake, kama picha ya mzee inavyoonyesha.

Kwaheri, mume wangu. Pumzika, kifua hakikuumi tena. Mtoto nitamsomesha, kaburi nitalipalilia, na Syombua nitamsalimia vizuri nikikutana naye njiani, hayo nakuahidi. Ila macho ya Oda sikuyaelekeza juu kwako, duki wangu. Nimeyageuza pembeni, kwa Irmina, na muhugu hauozi upesi. Tutasimama ukutani huko Ujerumani miaka na miaka, na siku zote hizo nitakuwa namwangalia yeye.

Mkeo,
Mama Ndinda