Muda wa Salamu Hauhesabiwi

JESHI LA POLISI
MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Dodoma Mjini
Tarehe: 18/8/1996, Jumapili. Muda wa kuanza: saa 2:40 asubuhi
Jina: Thomas Ndahani Chibago
Umri: miaka 58. Kabila: Mgogo. Dini: Mkristo
Kazi: Mstaafu, zamani stesheni masta msaidizi. Sasa ni mtunza saa wa klabu ya karata
Makazi: Chang'ombe, Dodoma

Mimi ni mwenye jina lililoandikwa hapo juu. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe, na leo sikwenda kanisani kwa ajili ya jambo hili. Nataka iandikwe mwanzo kabisa kwamba Evelina Masinjisa, mkulima wa zabibu wa Makutupora ambaye mmemlaza mahabusu tangu jana jioni, hakumsukuma Mzee Bartolomayo. Hakumgusa ila kumsaidia. Nitamtaja aliyemsukuma, ila nitakwenda kwa mpangilio wa saa, maana miaka thelathini na moja nimeishi kwa saa na sijui kusema vingine. Afande akinikatiza nitaanza upya.

Mnamo tarehe 17/8/1996, siku ya Jumamosi, saa 3:00 asubuhi nilifungua ukumbi wa klabu yetu, mtaa wa Uhindini. Kulikuwa na mashindano ya poka. Hapakuwa na fedha mezani hata senti, andika hivyo, maana nasikia Octavian, mmoja wa wachezaji, ameleta hapa neno kamari. Tunachezea vizibo vya soda. Zawadi ilikuwa pampu moja ya maji, mpya, ya petroli, iliyotolewa na mfanyabiashara mmoja mwenye duka la pampu. Tangu biashara ziachiwe huria kila mwenye duka anataka jina lake lisikike, na huyu alitaka lisikike kwetu. Pampu iliwekwa juu ya meza karibu na mlango, imefunikwa kitenge. Evelina alipoingia alikifunua kitenge, akaisoma ile karatasi ya nguvu za mashine, akakifunika tena. Ana mizabibu mia nne na kisima cha kuvuta kwa ndoo. Ni mjane, na mwezi huu wa nane hakuna mtu wa Makutupora anayelala akiwaza kitu kingine zaidi ya maji.

Wachezaji walikuwa kumi na sita. Kanuni zimebandikwa ukutani na ni tatu tu. Ya kwanza, kila mchezaji akifikiwa na zamu ana dakika moja ya kuamua, ikipita karata zake zimekufa. Ya pili, mchezo unakwisha saa 11:00 jioni kamili, kwa sababu kwaya hupokea ukumbi saa hiyo, na mwenye vizibo vingi ndiye mshindi. Ya tatu, muda wa salamu hauhesabiwi.

Hiyo ya tatu niliitunga mimi, kwa hati yangu na kalamu yangu. Mwaka jana Loisi, muuguzi, alikuwa kwenye zamu yake ya kucheza, akaingia baba yake mkubwa. Akainuka kumwamkia kama alivyolelewa, nami nikahesabu dakika na kuziua karata zake mbele ya yule mzee. Mzee aliondoka bila kuaga. Maneno yalifika hadi kwetu nyumbani kwamba Thomas amegeuka mashine. Nikaona aibu, nikaiandika kanuni ya tatu. Mtu akiinuka kumwamkia mkubwa, nasimamisha hesabu ya zamu yake mpaka akae. Lakini saa kumi na moja ya kwaya iko palepale, haisimami. Hapo ndipo pengo lilipo na mimi sikuliona. Octavian aliliona.

Octavian ni karani wa ofisi moja ya serikali, amehamia hapa miaka mitatu iliyopita. Poka anaijua, hilo silipingi. Alipofika Dodoma hakujua hata kusema mbukwa, salamu yetu ya Kigogo. Nilimfundisha mimi, pale pale klabuni, kwa soda zangu. Nilimfundisha kwamba kwetu salamu si neno moja ukapita. Unauliza nyumba, unauliza watoto, unauliza mifugo na shamba, naye anakuuliza, na hakuna anayemharakisha mwenzake. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema kabisa. Kumbe mwenzangu anapima muda.

Saa 9:30 alasiri walibaki wawili, Octavian na Evelina. Vizibo vyote ni mia mbili. Evelina alikuwa na arobaini na moja, Octavian vilivyobaki. Kuanzia hapo yule mama alianza kupanda. Hana maneno. Anazitazama karata zake mara moja, anazilaza, anaamua kabla mshale wa saa haujazunguka nusu. Mkono mmoja ulikuwa unachukua dakika mbili. Saa 10:20 nilihesabu mwenyewe: Octavian 118, Evelina 82. Zilibaki dakika arobaini, yaani mikono ishirini. Kila mtu mle ukumbini aliona pampu inaelekea Makutupora.

Saa 10:24 aliingia mzee mmoja wa Hombolo nisiyemjua jina. Ilikuwa zamu ya Octavian. Akaweka karata chini, akainuka. "Shikamoo mzee. Mbukwa." Akauliza habari za bwawa, habari za ng'ombe, habari za wajukuu mmoja mmoja. Dakika sita. Nilishika saa yangu ya mfukoni, ile ile ya stesheni, nikaisimamisha hesabu kama kanuni inavyosema. Hata nilipendezwa, nikawaza, kijana huyu ana adabu. Naona hasira kulisema, lakini niliwaza hivyo.

Saa 10:33, tena kwenye zamu ya Octavian, aliingia Bi Hana, mkunga mstaafu. Octavian akainuka tena. Dakika saba. Bi Hana mwenyewe alishangaa kuulizwa mpaka habari za mguu wake. Leo alfajiri nilipita kwake kumwuliza alifuata nini ukumbini. Amesema Octavian alimwambia aje saa kumi na nusu, kuna picha za pamoja zitapigwa. Hapakuwa na mpiga picha wala kamera.

Evelina aliniambia neno moja tu. Alisema, "Baba, saa." Nikamjibu, "Mama, kanuni ni kanuni."

Saa 10:47 Evelina alikuwa na 97, Octavian 103. Pamoja na wizi wote ule wa dakika, mama alikuwa amefika. Alihitaji mkono mmoja. Joha, mgawaji wetu, akagawa karata. Saa 10:49, kabla Octavian hajacheza, mlango ukafunguliwa akaingia Mzee Bartolomayo wa Kongwa.

Huyo ni mkwe wangu, baba mzazi wa mke wangu Penina. Ana miaka sabini na tisa, hajafika mjini tangu mavuno ya mwaka juzi. Octavian alikuwa amemleta kwa pikapu ya kukodi na kumwambia kwamba ninamwita. Mimi sikumwita. Octavian safari hii hakuinuka. Alikaa, akaegemea kiti, akasema kwa sauti, "Mzee Thomas, mkweo huyo."

Afande, wewe ni mtu wa Mbeya, kwenu sijui. Kwangu mimi mkwe haamkiwi ukiwa na kitu mkononi. Nilivua kofia. Niliiweka mezani pamoja na saa. Niliinuka nikasogea, na bila mtunza saa hakuna anayecheza. Nikamwamkia. Naye ni mtu wa zamani, anasalimia kwa ukamilifu. Aliuliza nyumba. Aliuliza Penina. Aliuliza kila mtoto wangu kwa jina, nao ni saba, akauliza na yule tuliyemzika. Nilikuwa naisikia saa yangu mezani inavyogonga. Huko nyuma Octavian akasema, "Endelea tu mzee, kanuni ya tatu." Watu wakacheka, wengine walidhani ni utani.

Nilipatwa na hasira ambayo sijawahi kuipata, hata siku ile nilipoambiwa kazi imekwisha. Nilikuwa naibiwa kwa mkono wangu mwenyewe. Mzee akaanza habari za mbuzi. Akanisogelea anishike mikono miwili, akawa kati yangu na meza. Nami nikamsukuma kifuani.

Ni mimi. Si Evelina, ni mimi Thomas. Nilimsukuma ili nifike kwenye saa.

(Hapa nilisimamisha maelezo. Nilimweleza shahidi kwamba halazimiki kusema lolote zaidi na kwamba atakayosema yanaweza kutumika dhidi yake. Alijibu, "Naelewa, andika." Koplo Bupe)

Alianguka juu ya benchi, kiwiko kikatangulia, nikasikia mfupa. Nilipoikamata saa ilikuwa 10:58. Evelina aliacha karata zake mezani, akapiga magoti, akampakata mzee kichwa. Octavian akasogeza vizibo kumi katikati ya meza. Akasema, "Nimecheza. Zamu ya mama." Mzee yuko sakafuni analia kwa Kigogo, na huyu anasema zamu ya mama. Kisha akasema, "Mzee Thomas, saa."

Nikaitazama. Miaka thelathini na moja mtu akisema saa, mimi natazama saa. Dakika ilipokwisha nikasema, "Imepita." Nilisema mimi, kwa mdomo huu. Nimeandika kanuni kwamba salamu hazihesabiwi, lakini mtu mzima akivunjika mkono dakika inahesabiwa. Karata za Evelina zikafa.

Kwaya walipokuwa wanaingia nilizifunua karata zile. Evelina alikuwa na ree tatu. Octavian alikuwa na gulamu mbili na takataka. Mama angeweka vizibo kumi kama vya Octavian tu, angeshinda mkono na pampu ingekuwa yake.

Saa 11:20 askari walifika, wachezaji wengine wakiwa wameshatoka kuwapisha kwaya. Octavian alisema aliyemsukuma mzee ni mama huyu kwa hasira ya kushindwa, na kwa sababu walimkuta amemshika, wakamchukua. Evelina aliulizwa mbele yangu. Alinitazama, akasema, "Mimi sina la kusema." Nami nilikuwa nimesimama pale na kofia mkononi, nikanyamaza. Nilijiambia namfikiria Penina. Uongo mtupu, niliogopa.

Jana usiku nilikwenda hospitali. Mzee Bartolomayo amefungwa plasta mkono wa kulia. Muuguzi wa wodi akasema mzee amewaambia askari hakuona aliyemsukuma, macho hayaoni vizuri. Afande, alikuwa ananitazama usoni, pua kwa pua. Aliniita baba fulani, kwa jina la mwanangu mkubwa, nilipokuwa namsukuma. Nilipomkaribia kitandani akaanza kuniamkia, kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwamba wa kulia hauinuki. Wawili hao, mzee na Evelina, wamenificha kwa heshima, na ni hiyo heshima yao iliyonitoa nyumbani asubuhi hii. Sitaki kufichwa nayo.

Octavian hajavunja kanuni hata moja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na ninyi polisi sijui mtamshika kwa lipi. Ila alidanganya kuhusu Evelina, na kosa hilo ni lenu kulifuatilia. Pampu aliipakia kwenye pikapu ile ile aliyomletea mkwe wangu. Mzee atarudije Kongwa, hakuuliza. Kanuni ya tatu nimeing'oa ukutani asubuhi hii kabla ya kuja, ninayo mfukoni, naikabidhi kama kielelezo.

Naomba Evelina atolewe sasa, si baadaye. Jana kutwa hakumwagilia, na leo jua limeshapanda.

Nimesomewa yote haya kwa Kiswahili, hakuna lililoongezwa wala kupunguzwa. Ni maneno yangu na ni kitendo changu.

Sahihi: T. N. Chibago

MAELEZO YA ASKARI: Mimi WP 2217 Koplo Bupe nimeyaandika maelezo haya na kumsomea shahidi naye akatia sahihi. Yalikwisha saa 4:05 asubuhi. Shahidi alipinga muda huo, akasema saa ya kituo iko nyuma dakika sita. Nililinganisha na redio, ni kweli. Nimesahihisha: saa 4:11.

Kielelezo: karatasi moja yenye matundu ya misumari, imepokelewa. Mkuu wa kituo ameagiza shahidi ashikiliwe, na karani Octavian aitwe kuhojiwa juu ya taarifa ya uongo.

Evelina Masinjisa ameachiwa huru saa 4:30. Akitoka alimkuta shahidi kwenye benchi la mapokezi. Nilikuwa nimemwambia mama huyo kwamba gari la Makutupora linaondoka na asichelewe. Aliweka mfuko wake chini, akamwamkia. Shahidi aliinuka, akavua kofia, akaitikia. Walisalimiana dakika tisa. Sikuwakatiza.