Kigoda cha Mlangoni

Jumatatu, 4 Machi
Mhariri amenitoa kwenye habari za mahakamani. Mwandishi wetu wa sanaa yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo niende mimi kwenye maonyesho. Nikamwambia sanaa siijui. Akacheka: Mama Takwimu, wewe kahesabu tu. Miaka ishirini na saba kazini — leo vigoda!

Jumanne, 5 Machi
Chumba cheupe, feni mbili, moja mbovu. Sakafuni vigoda vya nta, kila kimoja kimebonyea katikati kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi. Basi. Miguu iliniuma, mlangoni palikuwa na kigoda cha mbao, nikaketi, nikahesabu. Kumi na kimoja. Karatasi ya maonyesho inasema kumi na viwili. Mlinzi akasema hesabu si kazi yake.
Nilitazama dakika arobaini. Hakuna kinachotendeka pale! Lakini ukikaa sana unaanza kuhisi uzito wa watu. Hilo siwezi kuliandika gazetini. Shahidi wangu nani?

Jumatano, 6 Machi
Mafua. Mume wangu anauliza: nta, na joto hili? Nikamwambia kuna feni. Basi hamia huko, akasema.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeonana na msanii. Binti wa miaka thelathini hivi, mikono ina makovu ya nta ya moto. Nikamuuliza cha kumi na mbili kiko wapi. Akacheka: si ulikikalia juzi pale mlangoni, mama! Mlinzi kaniambia.
Kumbe maonyesho ni ya kile kiwanda cha nguo kilichoporomoka miaka kumi na tisa iliyopita. Habari ile niliiandika mimi. Waliokufa kumi na mmoja. Meneja alinipa orodha ya wafanyakazi waliokufa, nikanakili, nikawahi mtambo wa kuchapa. Mama yake huyu binti alikuwa akiwachemshia chai mafundi. Hakuajiriwa, hakuorodheshwa. Kigoda chake kilikutwa kizima.
Jina lake halimo kwenye jiwe la kumbukumbu. Kila ofisi anayokwenda, anasema, wanamtolea gazeti lile lile: kumi na mmoja, soma mwenyewe.
Enzi zile habari hazikutiwa jina la mwandishi. Hajui. Sikumwambia.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeitafuta habari ile katika maktaba ya ofisini. Ni yangu, neno kwa neno.
Mhariri: kosa la miaka kumi na tisa? Mama, unataka kutuvua nguo? Anataka makala ya sanaa, saa kumi kamili. Nimeanza hivi: "Waliokufa walikuwa kumi na wawili." Akaifuta. Nikairudisha. Akaifuta.

Jumamosi, 9 Machi
Makala haikutoka. Nimerudi kwenye maonyesho, binti yupo. Nikasema nina jambo la kukuambia. Akasema nakusikiliza, lakini keti kwanza mama, unaonekana umechoka. Mlinzi akainuka kwenye kigoda cha mlangoni kunipisha.
Dakika arobaini niliitazama nta. Hiki cha mbao sikukitazama hata mara moja. Mguu mmoja umefungwa waya. Ubao umelainika pembeni, upande wa kulia.
Binti amekwenda kunichotea maji. Miguu inawaka moto. Naandika haya nimesimama. Huyo anarudi —