Mjane Niliyembuni Ili Nijifunze Baiskeli

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba pia usicheke kabla hujafika mwisho, maana mimi mwenyewe nacheka ninapoandika na hilo ni sehemu ya tatizo. Mimi ni wakili, huu ni mwaka wa kumi na moja, kazi yangu ni mirathi na talaka, yaani asubuhi nasikiliza ndugu wakigombania kabati la marehemu na mchana wanandoa wakigombania watoto, na miaka yote nilijiona chuma, mpaka mwaka jana mikono ilipoanza kutetemeka kila nikifungua faili, nikawa najifungia chooni robo saa kabla ya kesi, nyumbani nikamhoji mume wangu kuhusu sukari iliyokwisha, ni kweli au si kweli kwamba ulikunywa chai saa nne, jibu ndiyo au hapana, na siku moja nikasimama mbele ya hakimu nikasahau namtetea nani, nikatazama kulia, nikatazama kushoto, na wote wawili wakanitazama kwa matumaini.

Nikaenda kwa daktari. Akasema si uchawi wala uzembe, ni msongo wa kazi uliolimbikizwa, akanipangia vikao na mtaalamu wa ushauri nasaha, akasema nipate pia mchana mmoja kila wiki wa kuuchezesha mwili, akaniandikia barua ya kumpa mwajiri. Barua hiyo niliikunja nikaificha ndani ya pochi, kwa sababu ofisini kwetu wakili haumwi kichwa, wakili anaumiza vichwa vya wenzake, na mkuu wetu, mzee tunayemwita Kifungu kwa kuwa hawezi kuomba chumvi bila kutaja kifungu cha sheria, hajachukua likizo tangu nimfahamu. Basi kwenye kitabu cha ratiba cha ofisi nikaandika: Jumatano, saa nane mchana, Mjane, mahakamani. Mshauri, hakuna Mjane. Kila Jumatano nilikuwa nakwenda nyuma ya maghala, kwa mama mmoja fundi baiskeli, kujifunza kuendesha, kitu nilichokitamani tangu utoto nikaambiwa kitanivunja miguu.

Nikuambie raha yake? Siku ya kwanza nilikumbatia ukuta, ya pili nikamkumbatia fundi, ya tatu akaachia kiti bila kuniambia, nikaenda hadi ghala la mwisho, nikageuka kumsihi asiniachie nikamwona kule mbali amejishika kiuno, nikacheka mpaka nikaanguka, nikaendelea kucheka nikiwa chini. Sasa nateremka kilima miguu yote miwili juu, mama mzima wa watoto wawili, sketi imejaa upepo. Nalala. Nakula. Mikono imetulia, na mume wangu anakunywa chai yake bila kuhitaji wakili.

Tatizo ni kwamba Mjane amekua. Wenzangu waliuliza kesi imefikia wapi, nikasema shemeji zake wanataka kumtoa kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu. Wakauliza kuhusu watoto, nikampa wanne. Katibu wetu akawaletea mfuko wa sweta. Na Alhamisi iliyopita Mzee Kifungu akaniita, akasema hata yeye alilelewa na mama mjane, na Jumatano ijayo atavaa joho asimame mwenyewe kumtetea. Nilishindwa kumtazama usoni. Nifanyeje? Nimpatanishe Mjane na shemeji zake kimya kimya? Nimwozeshe nchi ya mbali? Au niseme kweli, nionekane mgonjwa na mwongo kwa pamoja, nipoteze kazi?

Ni mimi, Wakili Mwenye Magoti Yaliyochubuka

*

Wakili, nimecheka, nimefuta machozi, sasa kaa chini nikuseme. Kuumwa hukukosea. Anayebeba ugomvi wa nyumba za watu miaka kumi na moja bila kuutua popote, lazima mabega yamwume. Baiskeli nayo hukukosea, na ningekuona kilimani ningekushangilia. Kosa lako ni hili: ulipewa karatasi ya kweli ukaificha, ukaandika ya uongo ukaiweka mezani. Wewe, uliyeapa. Mteja angekufanyia hivyo ungemwonyesha mlango. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe umeipita kwa baiskeli, ndiyo maana umefika mapema.

Usimwozeshe Mjane, utalazimika kutafuta na mashahidi wa harusi. Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, ingia kwa mzee, funga mlango, weka barua ya daktari mbele yake useme yote kwa pumzi moja. Usijitetee, siku hiyo wewe si wakili. Omba Jumatano yako waziwazi. Sweta zirudishe kwa mkono wako. Na vile vikao ulivyopangiwa, mbona ukishavitaja mara moja huvigusi tena? Hukwenda, nakujua. Baiskeli inatuliza, haitibu kila kitu. Nenda wiki hii. Jibu hili nimekutumia kabla ya kulichapa, kwa sababu Jumatano haingoji gazeti.

*

Mshauri, nimesema. Nilianza vizuri nikamaliza nalia. Mzee Kifungu aliisoma barua ya daktari mara mbili, akavua miwani, na hakutaja kifungu chochote. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hakuna mtu anayefukuzwa nyumbani kwake?"

"Hakuna, mzee."

"Na wale watoto wanne?"

"Hawapo, mzee."

Akashusha pumzi. "Afadhali," akasema. "Nina wiki tatu silali kwa ajili yao."

Akaniambia karipio la maandishi linakuja, na kwamba Jumatano ni yangu, ila iandikwe kwa jina lake halisi. Katibu amezipokea sweta zake bila kuitikia salamu. Kesho naanza kikao cha kwanza.

*

Karipio likija, lipokee kwa mikono miwili, umelistahili. Katibu mpe muda, na uendelee kumsalimia. Lakini mzee anayekosa usingizi wiki tatu kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa, huyo naye ana mzigo, na huenda hana wa kumwambia. Andika jina la daktari wako kwenye karatasi, umpelekee leo, mkononi.