Jumapili Nacheza Fainali na Raketi Sijui Kuishika

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana Jumatatu utakuwa umechelewa na mimi nitakuwa sina sura ya kurudi nayo nyumbani.

Mimi ni kibarua wa viwanja vya tenisi, vile vya udongo mwekundu, na mwaka mzima sasa niko nchi za watu, mbali na kwetu, nafuata mashindano mji baada ya mji, wachezaji wanakuja na raketi zao na sisi tunakuja na mafagio yetu, tunamwagilia, tunafagia mistari, na kila seti ikiisha tunaingia wanne kuburuta mikeka mizito ya kusawazisha udongo, mpaka mgongo wangu umekuwa wa mzee ingawa nina miaka thelathini na nne. Wiki ya kwanza niliokota raketi iliyovunjwa na mchezaji mwenye hasira, nikapiga nayo picha nikaituma nyumbani, na siku hiyohiyo mama mkwe akapiga simu, yeye ambaye siku zote aliniita Bwana Toroli kwa vibarua vyangu vya kusukuma toroli, akauliza, "Baba, kumbe unacheza?" Hakuwahi kuniita baba. Nikajibu, "Nacheza, mama."

Basi ili uongo usinichanganye nikachagua mchezaji mmoja, matokeo yake yawe yangu, na nikachagua aliye dhaifu kuliko wote, sisi vibarua tunamwita Mgeni wa Jumatatu kwa sababu akicheza Jumatatu, Jumanne haonekani, nikajua huyu hatanifikisha kwenye televisheni. Na kweli, miezi kumi nimefungwa kila mji. Mama mkwe akachoka. "Baba, huo mpira unauona lakini?" Shemeji akadakia nyuma yake, "Mwambie ajaribu kufumba macho, labda ataupata!" Mke wangu hakucheka nao. Kibarua mwenzetu mmoja alipokwenda likizo alipita nyumbani kuwasalimia, mke wangu akampa aniletee mafuta ya kuchua mgongo na glavu za ngozi, na kwenye simu akaniambia, "Mume wangu, ukiinama, kunja magoti." Nikasema moyoni, masikini, ananipenda ingawa mchezo wenyewe haujui.

Sasa mashindano haya ya kufunga mwaka, Mgeni wa Jumatatu sijui kapatwa na nini, Jumatatu kashinda, Jumatano kashinda. Ningeweza kusema nimefungwa kama kawaida, lakini mshauri, nilikuwa nimechoka kufungwa. Nikapiga simu nikasema nimeshinda, nikasikia vigelegele. Robo fainali, vigelegele. Jana kwenye nusu fainali mpinzani wake kateguka mguu, uwanja mzima ukasimama kumshangilia Mgeni, na mimi pembeni na fagio langu ndimi peke yangu niliyetamani kulia.

Fainali inaonyeshwa kwenye televisheni. Mama mkwe amealika majirani, baba mkwe kapanda juu ya paa kurekebisha antena, na mke wangu ameniuliza swali moja tu, "Jumapili utavaa nini?" Mshauri, nijifanye nimeumia? Nizime simu? Au nihame nchi?

Bwana Toroli

JIBU

Bingwa,

Nimecheka mpaka mhariri akachungulia mlangoni. Nimemaliza, sasa nikukaripie.

Mgongo nakupa pole ya kweli, huo ni wako mwenyewe. Lakini wewe ni mwizi wa ajabu! Wachezaji wote wale, ukaona uibe vipigo? Mchana unaburuta mkeka, jioni unafungwa, na kuchekwa unachekwa kwa makosa ya mtu mwingine.

Kuhama nchi umeshahama, hilo tulifute. Kujifanya umeumia hakusaidii, kwani atakayeonekana akikimbia ni mwingine, na mama mkwe wako ana macho.

Hebu soma barua yako tena, polepole. Mchezaji gani wa tenisi anavaa glavu za ngozi mikono yote miwili? Huyo mwenzako alikaa sebuleni kwenu. Unadhani walizungumzia mvua? Mkeo anajua, bwana. Anajua tangu siku ile, na amenyamaza usiaibike mbele ya mama yake. Kila ulipofungwa na wale wakacheka, yeye alimeza peke yake. Na Jumapili wewe utakuwa mbali. Atakayekaa kwenye kochi katikati ya majirani, amepakata uongo wako mapajani, ni yeye. Hilo ndilo lililonikasirisha, wala si ile picha.

Kwa hiyo leo, usiseme kesho, mpigie mkeo. Mweleze yote hata kama anayajua, anangoja kuyasikia kwako. Kisha mwombe ampe mama yake simu, na maneno uyatamke wewe, usimtume yeye. Utaitwa Bwana Toroli tena. Itika. Majirani waje tu, antena imeshatengenezwa.

Halafu swali la mkeo, ulilolipita kama vile hukulisikia. Hakuwa na wasiwasi na mavazi ya bingwa. Seti ya kwanza ikiisha mtaingia wanne, mmebeba mikeka, na alitaka kujua amtazame yupi.

Sare zenu najua ni moja. Basi vaa zile glavu. Na ukiinama, kunja magoti.